Firigisi ya Baba

Enzi zetu kuku hakuliwa ovyo. Nyinyi wa rika langu mnajua ninachosema. Kuku alikuwa na wenyewe hata kabla hajakamatwa. Miguu na kichwa vilikuwa vya watoto, shingo ya yule aliyemkimbiza mpaka akamshika, mgongo wa mama, mapaja ya mgeni. Na firigisi, ambayo wengine wenu mnaiita imondo, ilikuwa ya baba. Hata kuonja chumvi haikuonjwa. Msichana akiila, tuliambiwa, ataota ndevu na hakuna atakayemwoa.

Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo anayetaka Kiswahili cha redio akasikilize redio. Nataka kusema habari ya firigisi, nimalize.

Nilipokuja Birmingham, Uingereza, kukaa na binti yangu Eva, kuku wa kwanza aliyenunua nilimfungua nikatafuta firigisi. Hakuna. Wa pili, hakuna. Nikamwuliza, "Eva, kuku wa huku wanasagia chakula wapi?" Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema viwandani huko wanaitoa. Wanaipeleka wapi? Hakujua. Nikaendelea kumkatakata kuku. Mimi na firigisi tulikuwa na mambo yetu, na kutoiona ilikuwa kama kupumzika.

Basi Jumapili moja, karibu mwaka wa elfu mbili na kumi na nane hivi, tulitoka kanisani Eva akasema leo hapiki. Amefanya kazi ya kutunza wazee siku sita mfululizo, miguu imevimba. Tukapanda basi pale Soho Road kwenda kula hotelini, mimi, yeye na mjukuu wangu Tasha, mwenye miaka tisa, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza kama ana deni na Malkia. Mimi ananiita Kukhu, kama mtoto wa Mluhya anavyopaswa kumwita nyanya yake. Hapo sikumwachia nafasi.

Hoteli yenyewe ni ya chakula cha watu weusi wa kusini mwa Amerika. Unalipa mlangoni, unapewa sahani, unajipakulia mara utakazo. Eva alinieleza mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia nimesikia, sijaamini tu.

Jamani. Nimezika mume, nimepanda ndege, lakini pale nilisimama kama mtu aliyeona moto unawaka majini. Meza ndefu kutoka ukuta mpaka ukuta, sinia za chuma zinatoa mvuke, na hakuna mtu aliyesimama na mwiko kuamua nani ale nini. Kuku wa kukaanga wamerundikwa kama matofali. Samaki, mbavu, mkate wa mahindi. Nikasogea. Hiki ni nini? Kunde! Kunde zenyewe, zenye jicho jeusi. Na zile ni bamia. Na sukuma wiki imechemshwa ikalala. Kando yake uji mzito mweupe wa mahindi, kama ugali ulioepuliwa kabla haujaiva. Viazi vitamu navyo wameviongezea sukari, kana kwamba Mungu alisahau.

Nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akijaza sinia, mweusi kama mimi, Eva akitafsiri, haya mapishi mmeyatoa wapi. Akasema kwa nyanya yake, na nyanya kwa nyanya yake, mpaka wale waliofungwa minyororo wakavushwa bahari. Nilimshika mkono. Watu walinyang'anywa majina, wakanyang'anywa lugha, na bado kunde na bamia hawakuziachilia. Nilimtazama Tasha na Kiingereza chake nikaona labda nisimkatie tamaa.

Ndipo nikafika mwisho wa meza. Sinia nzima ya firigisi.

Zimepakwa unga, zimekaangwa, za rangi ya kahawia, labda mia mbili. Mia mbili! Zetu sisi zilikuwa moja kwa Krismasi. Nilijiuliza ni wababa wangapi wanaosubiriwa. Nikasimama kando na sahani yangu tupu, nikingoja wanaume wapite kwanza. Wanaume wakapita, wakachukua kuku na kwenda zao, hata hawakuziangalia. Tasha akaja, akachota nne, akatia moja mdomoni papo hapo.

"Tasha! Hiyo ni ya wazee wanaume!"

"Kukhu, just take," akasema, mdomo umejaa. "They're for everyone."

Kiingereza hicho nilikielewa. Za kila mtu. Nikarudi mezani nikakaa na sahani yangu tupu.

Sasa niwaambie nilichokuwa nimekificha tangu utoto.

Nakumbuka Krismasi ile nilikuwa na umri kama wa Tasha. Asubuhi tulicheza kati, ule mchezo wa kumlenga mwenzako kwa mpira wa matambara, tukamkimbiza jogoo mwekundu mpaka kwenye miwa, dada yangu Rosa akamshika. Mama alipika kwenye chungu, moshi wa kuni umejaa jikoni, sisi macho yanatoka machozi na hatutaki kutoka. Baba alikuwa sebuleni na mwalimu wa kanisa. Mama akaniwekea bakuli la baba mikononi, limefunikwa kwa sahani ya bati. "Nafula, peleka. Na usifunue."

Kati ya jikoni na nyumba kubwa palikuwa na ghala la mahindi. Nyuma ya ghala nilifunua. Nilikusudia kuinusa firigisi tu. Pua ikaita ulimi, ulimi ukaita meno. Ilikuwa ngumu kidogo, halafu ikakubali, na mchuzi wake sijaonja mwingine. Nilimeza nusu yake bila kutafuna. Mlangoni nikamkuta Rosa, nikampa bakuli nikisema nimechomwa na mwiba. Rosa akaingia nalo.

Baba alitaka kumpa mgeni firigisi kwa heshima. Akakoroga na kijiko. Akakoroga tena. Mgeni akatazama dari. Nyumbani kwetu aibu kama hiyo ilikuwa haijaingia. Rosa alichapwa kwa fimbo ya mpera mbele ya mgeni, na kuku hakuonja siku hiyo. Mama alikuwa na msemo wake: "Mdomo ukila usichopewa, mwili utalipa." Siku ile mdomo ulikuwa wangu na mwili ulikuwa wa Rosa.

Jioni nilichemsha maji ya chumvi nikamkanda mgongo kwa kitambaa. Hakuniuliza kitu. Na mwaka mzima nilijipapasa kidevu nikitafuta ndevu.

Miaka zaidi ya hamsini sikumwambia. Tukaolewa, tukazaa, tukazika wazazi. Kila nilipompigia simu kutoka huku nilijiambia leo nasema, halafu maneno yanageukia mahindi na matanga. Na mwaka ule Rosa alikuwa mgonjwa. Presha ilikuwa imemshika, sauti inapungua kila wiki. Nilijua nikichelewa nitaenda kusemea kaburini, na kaburi halijibu.

"Eva," nikasema, "nipigie dada yangu. Ile ya picha."

"Sasa hivi, Mama? Chakula kinapoa."

"Kipoe."

Rosa akatokea kwenye simu, kitambaa kichwani, amekaa uani kwake anachambua mboga. Nikamwambia Tasha apeleke simu juu ya ile sinia. Tasha akapeleka, akarudi.

"Umeona?"

"Nimeona. Wameua kuku wa wilaya nzima?"

"Rosa. Ile ya baba, Krismasi ya jogoo mwekundu. Ni mimi niliila."

Akaendelea kuchambua mboga. Nikadhani hajasikia. Nikarudia kwa sauti, mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

"Usinipigie kelele, mimi si kiziwi," akasema. "Najua ni wewe. Ulinipa bakuli kidevu kinang'aa mafuta kama taa. Na mwiba wenyewe ulisahau uko mguu gani, ukawa unachechemea yote miwili."

"Ulijua? Na fimbo zote zile? Mbona hukusema?"

"Ningesema tungechapwa wote wawili, mjinga wewe. Halafu nani angenikanda mgongo?"

Nililia pale hotelini, mbele ya Wazungu, mimi ambaye wajukuu wananijua kwa kiboko. Eva alishika mkono wangu bila kuuliza. Rosa akangoja nimalize, akasema, "Haya, kula yako. Na mimi uniwekee moja. Krismasi ile sikula kitu."

Nikainuka nikapakua mbili. Yangu nikaila polepole. Ilikuwa nzuri, ina pilipili, lakini haikuifikia ile ya nyuma ya ghala. Ya Rosa nikaiacha katikati ya sahani. Pale hawaruhusu kubeba chakula, na kuila sikuweza.

Tasha akaiona. Anajua sheria yangu, kwamba kwangu sahani inarudi jikoni ikiwa nyeupe. "Kukhu, hujamaliza!" Akasema kwa Kiswahili, kwa furaha ya kunishika.

"Si yangu," nikamwambia. "Ni ya mwenyewe."

Mhudumu akaja akaichukua sahani pamoja na firigisi yake. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuacha chakula, na sijutii.

Rosa alitutoka kabla ya Krismasi ya mwaka uliofuata.

Siku hizi wajukuu wetu wanakula mapaja mpaka wanaacha, kila mtu na sahani yake, na akiulizwa jana alikula nini hakumbuki. Siwaonei kijicho. Nawashangaa tu, kama nilivyoishangaa ile meza. Sisi tulikuwa na firigisi moja kwa mwaka mzima, tena ya baba. Lakini mpaka leo ninajua ilikwenda wapi, nani aliilipia, na nani alikaa kimya ili nimkande mgongo.