Kabureta Chini ya Kawa

Siku zile, mgeni akija nyumbani kwangu, mtaa wa Shela hapa Malindi, hajaketi vizuri, hajaulizwa habari za watoto, nimeshamfunulia kawa. Chini ya kawa si mahamri. Ni vipande vya kabureta ya pikipiki ya marehemu baba, nimevipanga kwenye sinia. "Hii ni sindano," nasema, "na hii ni jeti, ndiyo ipitishayo petroli." Mgeni husema mashallah kwa adabu, kisha hutazama mlango wa jikoni.

Jina langu Farid Mbaruk, nauza vitambaa, na maisha yangu yote sikuwahi kutengeneza hata baiskeli. Mambo haya yalianza na mama. Daktari wa Kilifi alituambia sikio lake la kushoto limeshakufa na la kulia halitamaliza mwaka. Mama hakulia. Tulipotoka nje alisema tu, "Ningependa kuisikia ile pikipiki ya babako mara moja, kabla hili nalo halijaziba." Pikipiki yenyewe ilikuwa stoo chini ya magunia, haijawaka tangu baba afariki. Nikamwambia, "Mama, niachie mimi." Nikiyakumbuka maneno hayo natamani kujificha.

Mramba, fundi wa Matsangoni aliyekuwa akimtengenezea baba, alikuja akaitazama, akasema shida ni kabureta, imejaa uchafu, aichukue airudishe wiki ile ile. Nikakataa. Nilikuwa nimeshatazama video za Wazungu wakisugua kabureta mpaka zikawa vioo, basi nikajiona fundi.

Na kwetu shaba inajulikana isafishwavyo. Idi ikikaribia, masinia na mdila wa kahawa hutiwa ukwaju, vikasuguliwa kwa jivu, ukiviona utadhani vimenunuliwa jana. Nikailoweka kabureta nzima kwenye beseni la ukwaju usiku kucha. Asubuhi jeti za shaba zilikuwa zinameta, nikaita watu waje waone. Lakini mwili wa kabureta si shaba, ni aluminiamu, na ukwaju ulikuwa umeufanya mweusi, una vijishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Zakiya, mke wangu, akachungulia beseni.

"Samaki wamtia saa ngapi?" akauliza.

Tangu hapo nikawa mtu wa msasa. Nikitoka dukani, namwamkia mama shikamoo ya mlangoni, mimi huyo naingia chumba cha uani, ambacho mimi hukiita karakana na Zakiya hukiita banda la kuku, na kwa kuwa kuku wamo, sibishani naye. Mama alikuwa akikaa pale uani kwenye kitanda cha kamba, ananitazama. Akiniuliza jambo nilimwinulia mkono angoje, maana vile vipande ni vidogo na kikianguka kuku hawakawii. Mvua zikaja, zikaisha. Vile vishimo vikatoka, mwili ukang'aa, nikauona uso wangu humo na nikaupenda. Mramba akipiga simu namwambia bado kidogo. Nilijua vizuri sana kwamba sikio la mama halingoji. Nilijiambia naharakisha, kisha nikachukua msasa laini zaidi.

"Mama haitiki tena nikimwita kutoka jikoni," Zakiya aliniambia jioni moja. "Hiyo kabureta yako yasikia?"

Kesho yake nikamwita Mramba. Akaifunga kabureta, akapiga kiki, kimya. Akapiga tena mpaka akavua shati. Mwisho akaifungua jeti, akaipuliza, hewa haikupita. Uzi wa ukwaju ulikuwa umekwama tunduni. Akautoa kwa waya mwembamba, mabega yakitikisika kwa kicheko.

Safari hii ikawaka. Ilinguruma laini, haisiti, majirani wakatoka kutazama, nami furaha ikanijaa. Nikamshika mama mkono, nikamsogeza karibu na injini, sikio la kulia mbele. Akasikiliza kwa muda, akatikisa kichwa.

"Hii ya nani?"

"Ya baba," nikasema, kisha nikarudia kwa kelele.

"Siyo. Ya babako ilikuwa mbovu. Ilikohoa toka kule msikitini mpaka hapa mlangoni. Mimi nikikisikia kile kikohozi ndipo ninapoteleka chai."

Kumbe kikohozi ndicho alichokuwa akikitaka, na mimi nimekisugua mpaka kikatoka. Nikamnong'oneza Mramba kama anaweza kuiharibu kidogo. Akanitazama kama anitazamavyo Zakiya.

"Izime, mwanangu," mama akasema. "Yanizibia sikio."

Mramba akazima.

"Babako naye alikuwa na kazi na spana zake hapa uani," mama akaendelea. "Lakini alikuwa akizungumza nami. Wewe miezi yote hii wanipa mgongo. Ulipoanza, nilikuwa bado nasikia."

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona hofu. Nikaketi kitandani kwake, upande wa kulia, nikaanza kumsimulia habari za dukani, nani kaja, nani kaolewa, nani kaulizia khanga akaondoka bila kununua. Mama akaweka kiganja nyuma ya sikio, akaniinamia.

"Sema kwa nguvu," akasema. "Sikusikii."

Nikaanza tena mwanzo.