Kitabu cha Chini Kilichofungia Njugu

Chekeni mkitaka, lakini msinipe pole. Mimi, karani wa ghala la mahindi ya masetla hapa Nakuru, nilijiandikisha kufanya mtihani wa juu wa uhasibu, ule unaoletwa kwa meli kutoka Uingereza. Karani mwenzangu Otieno akanishauri, "Bwana Barasa, rudia kwanza kitabu cha chini, kile cha uhasibu wa mwanzo."

"Mtu aliyeota meno harudi kunyonya!" nikamjibu. Na ili asinisumbue tena, kitabu chenyewe nikampa mama muuza njugu wa stesheni afungie njugu zake.

Siku ya mtihani, swali la kwanza lilitoka katika kitabu kile kile. Nililitazama, nalo likanitazama. Nilitoka nimeinua kichwa, karatasi ya maswali ikiwa mfukoni, nikamwambia Otieno kwamba mambo ya chini hawakuuliza hata moja.

Tukanunua njugu stesheni. Otieno alipomaliza zake, akakunjua karatasi, akaisoma polepole, kisha akachomoa maswali ya mtihani mfukoni mwangu.

"Bwana Barasa, swali lako la kwanza si ndilo hili, pamoja na jibu lake? Na hapa pembeni kuna mwandiko wako: 'Hili nalijua. Sirudii.'"