Ajua Kwenye Mashine Isiyo na Wenzake

Nakumbuka mchana mmoja, mjukuu wangu, nilipomcheka mzee aliyekuwa akinisaidia, na hadi leo nikiufikiria naona aibu. Juzi uliponiambia kwamba unaunda mchezo wa kompyuta kwa mashine ambayo watu wachache wanayo, na kwamba wenzako wanakuuliza ni nani atakayeucheza, ulidhani nimenyamaza kwa sababu sikuelewa. Nilielewa vizuri sana. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, hapa hapa Nakuru, kabla mama yako hajazaliwa. Kwa hivyo mimina chai, uketi.

Unajua mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu alitoka Busia akaja kufanya kazi kwenye karakana ya treni, na nyumba za reli ndizo nilizokulia. Nilipomaliza shule nikapata kazi ya taipu kwenye kiwanda kimoja cha unga. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho. Wakati huo kompyuta haikuwa kitu cha kubeba mkobani. Ya kwetu ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, ilikuwa na chumba chake, na ukitaka kuingia humo ulivua viatu mlangoni kwa sababu ya vumbi. Na vumbi la Nakuru unalijua.

Makampuni ya Nairobi karibu yote yalitumia kompyuta za aina moja. Yetu ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Mwenye kiwanda aliipata kutoka kwa watu waliokuwa wanafunga biashara, na nchi nzima tulijua ya kwetu na nyingine moja Eldoret, basi. Kifaa kikiharibika tulisubiri miezi. Aliyeitunza alikuwa Bwana Gurdip, fundi wa Kisikh aliyekuwa na duka la kutengeneza redio mjini. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akachoka, akaanza kunifundisha kuiandikia mashine maagizo. Nilitaka kujua kila kitu. Inakumbukaje? Ikikosea, inajua imekosea? Bwana Gurdip alikuwa ananiambia niache kuuliza, niijaribu nione.

Mashine hiyo ilikuwa na jambo moja lililonivutia: skrini ndogo yenye maandishi ya kijani. Uliandika kitu, nayo ikakujibu papo hapo. Nikaanza kujiuliza kama inaweza kucheza na mtu. Mchezo niliouchagua ni ajua, ule wa mashimo na kokoto ambao wazee wa reli walicheza Jumapili nje ya nyumba zetu. Unachota kokoto za shimo moja, unazigawa moja moja kwenye mashimo yanayofuata, na ukimaliza mahali pazuri unakula za mwenzako. Kwenye skrini kila shimo lilikuwa namba tu. Meneja alituruhusu kuitumia mashine saa ya chakula, mradi kazi ya asubuhi iwe imekwisha. Nikaandika ajua yangu kwa miezi mitatu, mandazi mkono mmoja, na siku ilipocheza hatua yake ya kwanza bila mimi kuiambia, nilisimama nikakizunguka kiti changu kama mtu aliyepotelewa na kitu.

Mzee Odera alikuwa mtunza stoo ya magunia. Mtu mrefu, mpole, aliyebakiza muda mfupi astaafu. Alileta orodha yake siku moja, akaona zile namba kwenye skrini, akazitazama kitambo, kisha akauliza kama hiyo si ajua. Alivua viatu, akaketi. Kwa robo saa akawa ameishinda mashine. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia, na mara hii alikuja na daftari na penseli. Kila hatua aliyocheza aliiandika, na kila hatua iliyochezwa na mashine pia. Sikumuuliza ni kwa nini. Hapo ndipo kosa langu lilianzia, mimi niliyependa kuuliza kila kitu.

Sasa, ule mchana. Zilikuwa zimebaki wiki mbili aondoke. Ameishinda mashine tena, amefunga daftari, ananiambia kwa sauti yake ya chini:

"Rosa, huyu wako anacheza kama mtu mwenye njaa. Akiona kokoto anakula. Haangalii mimi nitafanya nini baada yake. Mrekebishe kabla sijaenda nyumbani, nicheze naye akiwa mzima."

Nami nikacheka. Si kicheko cha furaha, mwanangu, ni kile cha kumwonyesha mtu kwamba hajui mambo. Nikamwambia, "Mzee, hata nikimrekebisha, nani atacheza? Mashine hii iko hapa na Eldoret tu. Nataka kuupeleka mchezo Nairobi, kwenye mashine za watu."

Alivaa viatu vyake polepole. Alipomaliza kufunga kamba akaniangalia.

"Mimi nimecheza kila siku," akasema. "Mimi si watu?"

Akaenda zake stoo. Sikumfuata.

Nikaomba likizo yangu yote ya wiki mbili, nikapanda treni kwenda Nairobi na karatasi zangu ndani ya bahasha. Nililala kwa shangazi. Ofisi mbili zenye kompyuta hazikunipokea hata kidogo. Kwenye ya tatu kulikuwa na kijana mmoja mwenye heshima, aliyeketi nyuma ya dirisha dogo la kupokelea kadi za matundu, zile walizotobolea maagizo ya mashine yao, akazipitia karatasi zangu moja baada ya nyingine. Akanieleza kwamba mashine yao haina mahali pa mtu kuketi na kucheza. Unaleta kadi zako leo, unarudi kesho kuchukua jibu. Nikapiga hesabu hapo hapo niliposimama: hatua moja kwa siku, ajua moja ingemaliza mwezi. Ile mashine kubwa ya kila mtu haikuweza kufanya kile ambacho yetu, isiyo na wenzake, ilifanya kila saa ya chakula. Kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. Je, mchezo wenyewe ni mzuri? Umewahi kumshinda mtu?

Nikasema bado.

Akanirudishia bahasha, bila ubaya wowote.

Jumatatu niliporudi kazini, stoo ilikuwa na mtu mwingine. Mzee Odera alikuwa ameondoka Ijumaa. Bwana Gurdip alikuwa na lile daftari. Alisema mzee alimwachia anipe nikifika. Nililifungua nikitafuta barua, hata neno moja la kunilaumu. Hakukuwa na barua. Kulikuwa na michezo arobaini na mmoja, hatua kwa hatua, kwa mwandiko safi wa mtu wa stoo, na kila mahali mashine ilipocheza vibaya alikuwa ameweka duara ndogo ya penseli. Mtu huyo alikuwa amenifanyia kazi ambayo sikujua kwamba inahitajika, na mimi nilikuwa nimemcheka.

Nikaanza upya. Nilizifuata zile duara moja moja, na zote zilisema alichoniambia kwa mdomo: mashine haikumwangalia mchezaji mwenzake, iliangalia kokoto tu. Ilibidi kila mara kabla ya kucheza ijiulize mwenzake atajibu nini. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno. Bwana Gurdip akaniambia nipunguze. Nikafuta salamu za mwanzo, nikafuta mistari ya mapambo, na nafasi ilipokosekana bado, nikafuta jina langu, ambalo nilikuwa nimeliweka juu kabisa. Hapo ikatosha.

Akina mama wa kupakia unga wakaanza kuja kucheza, na dereva mmoja, na hata meneja, ingawa yeye alijifanya anakagua chumba. Tuliituma ile programu Eldoret, kwenye utepe wa karatasi wenye matundu. Wakatujibu kwamba wamepata kosa moja, wakatueleza liko wapi, na wakauliza kama tuna mchezo mwingine.

Ilipita miezi minne. Asubuhi moja niliambiwa Mzee Odera yuko getini, amekuja kutia sahihi karatasi zake za kustaafu. Nilishuka ngazi mbio. Nilimwomba msamaha hapo hapo mbele ya askari wa geti. Akaniambia alikasirika, ndiyo, lakini treni ilipofika Kisumu hasira ilikuwa imemwisha. Kisha akauliza kama yule mwenzake wa ajua yupo.

Akavua viatu, akaketi. Alicheza taratibu sana. Kuna hatua alizokaa akifikiri mpaka nikadhani amesinzia. Saa ya chakula ikaisha na hakuna aliyetufukuza. Mwishowe namba zake zikabaki sifuri na moja na sifuri, akawa ameshindwa. Alikaa mikono magotini akiitazama skrini.

"Sasa ananiangalia," akasema. Halafu akasogeza kiti mbele. "Rudisha kokoto."

Mwaka uliofuata kiwanda kikaleta kompyuta kama za wengine, na yetu ikaondolewa. Ukiwahesabu wote waliowahi kucheza ajua yangu, hawangejaza behewa moja la treni. Sitakudanganya, basi. Kama mashine yako itapata watu au haitapata, mimi sijui, na hata hao wenzako hawajui. Ninachokijua ni hiki, nami nakuambia waziwazi. Kabla ya kuuliza ni wangapi watakaocheza, uliza kama mchezo ni mzuri. Angalia mashine uliyonayo inaweza nini ambacho nyingine haziwezi, uijenge hapo. Na mtu mmoja akija, akaketi, akakuambia palipo na kasoro, acha kila kitu umsikilize, maana huyo ndiye watu unaowatafuta.

Mungu akupe akili tulivu na mikono isiyochoka. Akupe watakaokuambia ukweli kwa upole, na akupe moyo wa kuwashukuru wakiwa bado wapo. Uende salama, mwanangu, na mchezo ukiwa tayari uniletee, nivae miwani nicheze.