Wananiuliza Mtoto Anaendeleaje na Kiti, Nami Najibu Vizuri

Admin, naomba unifichie jina langu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, naishi Karagita, na kazi yangu ni kupanga maua kulingana na urefu kwenye shamba moja hapa Naivasha. Mume wangu anapakia viazi kwenye malori huko Molo na huja mwisho wa mwezi. Mtoto tulikuwa naye mmoja, Nyambura. Nasema tulikuwa.

Nyambura aliumia wakati wa kuzaliwa. Hakuweza kukaa wala kushikilia shingo, kwa hivyo miaka sita mgongo wangu ndio ulikuwa kiti chake. Kisha shirika moja la kimataifa likaja kwenye ukumbi wa kanisa. Walisema wanataka kila mtoto mwenye ulemavu duniani apate kifaa cha kumsaidia. Duniani kote, eti. Nikasema moyoni, basi waanze na Karagita. Walikuwa na viti vichache vya magurudumu vya kuonyesha watu, na mimi nikamwambia fundi wao, kijana wa Nakuru, "Boss, si utupe tu hiki kimoja twende nacho?"

Akacheka. "Mathe, kiti si kama kiatu cha mtumba, ati kikikuwa kikubwa unaongeza soksi. Akikalia kiti si saizi yake, mgongo utapinda zaidi." Akampima nyonga, mapaja, mgongo, akaandika yote kwenye fomu. Mwishowe akamshika Nyambura shavu akasema, "Nimemwachia nafasi kidogo ya kukua."

Tulingoja zaidi ya mwaka. Mara vipuri havijafika, mara kontena imekwama bandarini. Kabla kiti hakijaja, nimonia ilimchukua Nyambura kwa siku nne. Tulimzika Molo, kwenye shamba la mama mkwe, shosho yake. Sikulia. Hata sasa sijalia, na watu wamesema mengi kuhusu hilo. Nilirudi kazini nikaendelea kupanga maua.

Kitu kimoja ndicho kilinishangaza. Zamani ploti nzima tunayopanga nyumba, hata mwenye duka, waliniita Mama Nyambura. Baada ya mazishi nikawa "jirani," nikawa "sista." Najua waliogopa kuniumiza. Lakini hiyo huruma yao iliniondolea jina.

Miezi mitatu baadaye simu ikalia. "Hallo, naongea na Mama Nyambura? Kiti cha mtoto kimefika. Mje Jumanne." Nikajibu, "Tutakuja." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Jumanne nikaenda peke yangu.

"Mtoto ako wapi?" fundi akauliza.

"Ako kwa shosho yake Molo. Ana homa."

Fundi hakufurahi. Alisema hawapeani kiti kabla mtoto hajakikalia wakaona kimemtosha. Lakini mkubwa wake alitaka picha za kutuma kwa wafadhili siku hiyo hiyo, akasema nipewe. Nikaweka sahihi. Nikasimamishwa nyuma ya kiti kitupu, nikaambiwa nitabasamu, nikatabasamu.

Tangu hapo, kila mwezi dada mmoja wa ofisi yao hunipigia. "Mama Nyambura, mtoto anaendeleaje na kiti?" Nasema vizuri. "Mgongo haumsumbui?" Nasema haumsumbui. Ni dakika mbili tu. Hapa hamnijui, kwa hivyo nitasema ukweli: hizo dakika mbili ndizo ninazongoja mwezi mzima.

Mume wangu alipokuja na kukuta kiti kando ya kitanda, alisimama mlangoni. "Rudisha hiyo kitu," akasema. Nikamwambia nitarudisha. Akaketi, akala, kisha akasema, "Wewe uko na kiti. Mimi niko na nini?" Asubuhi akarudi Molo.

Kwenye mlango unaotazamana na wangu anaishi Mama Chebet. Binti yake ana miaka minane na hali yake ni ile ile ya Nyambura. Walihamia hapa baada ya watu kuandikishwa, kwa hivyo bado anambeba mgongoni, na mtoto ni mzito. Hajawahi kuniomba kiti. Jumapili iliyopita nilikitoa nje nikikipangusa vumbi, nikaenda kuanua nguo. Niliporudi, Chebet alikuwa amekikalia, mama yake amemweka. Shingo imekaa sawa, anatazama watu wakipita, anacheka. Na nafasi ile fundi aliacha, Chebet alikuwa ameijaza yote.

Nilimtoa. Nilimshika kwapani nikamrudishia mama yake. Mtoto akalia. Mama Chebet akasema, "Pole jirani, sikujua utaskia vibaya." Yeye ndiye aliomba msamaha. Niliingiza kiti ndani nikafunga mlango, nikasikia Chebet akilia kupitia mabati. Hata hapo sikusikia kitu moyoni. Nimeanza kusikia aibu tangu jana tu, nilipopigiwa simu.

Ni kwamba Alhamisi fundi anakuja hapa nyumbani kukilegeza kiti kiwe kikubwa zaidi. "Saa hii lazima amekua," alisema kwa simu, akicheka.

Nikimwambia ukweli, labda atakirekebisha kimtoshe Chebet. Labda watakichukua wampe mwingine kwenye orodha, na Mama Chebet aendelee kubeba. Hata wakimpa Chebet, nitakuwa nikifungua mlango kila asubuhi namwona mtoto wa mwingine kwenye kiti hicho. Na wakifuta jina la mtoto wangu kwenye fomu yao, hakuna atakayenipigia tena.

Nyinyi mngekuwa mimi, Alhamisi mngemjibu nini fundi akiuliza mtoto ako wapi? Nishaurini, hata kwa matusi nitasoma. Ila mkinijibu, msiniite sista. Niiteni Mama Nyambura.