Koplo Bado Hajafika

Baba yangu hajui kusoma, lakini hakuna msomaji aliyewahi kunisumbua kama yeye. Wengine wakiichoka hadithi wanaiacha. Yeye alikuwa akipiga simu. Shikamoo yangu haijamaliza kutoka mdomoni, tayari ananiuliza, "Amefika?"

"Bado, baba."

"Anakwenda kwa miguu huyo? Si umpandishe basi!"

Aliyekuwa akimuulizia ni askari wa kuchora. Naishi Shinyanga mjini, na mkate wangu ni mabango ya saluni, bucha na maduka ya dawa. Pembeni nachora hadithi za picha. Nazitoa kopi kwenye duka la mzee mmoja wa Kihindi anayeuza madaftari, mzaliwa wa hapahapa, ambaye Kisukuma chake kimenyooka kuliko changu, kisha nazisambaza kwenye simu. Askari wangu nilimwita Koplo tu. Alirudi kutoka jeshini akakuta mdogo wake amefia kwenye shimo la dhahabu, akabeba bunduki akaenda kumtafuta aliyesababisha. Watu waliipenda. Watu wanapenda sana kisasi, hasa kama kuna mtu mwingine wa kuwalipizia.

Mimi sikuwa naburudika. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alikufa kweli, kwenye duara moja huko Geita. Duara ndilo shimo lenyewe la wachimbaji. Wanashuka kwa kamba, na kuta zake zinashikiliwa na magogo wanayoyaita matimba. Miti imekuwa adimu, kwa hiyo duara likiishiwa dhahabu, matimba yake hung'olewa yakashikilie duara jingine. Duara la jirani lilikuwa limeachwa. Matimba yake yaling'olewa, ardhi ikalegea, ikaporomokea upande aliokuwa mdogo wangu. Wenzake walifukua mpaka udongo ukaanza kuwatishia na wao, wakaacha. Yuko kule mpaka leo. Lawama zote zilimwangukia msimamizi wa duara, kijana mmoja aliyekimbia siku ileile.

Kwetu matanga hayaanuliwi bila kaburi. Kama mwili haupatikani, unaletwa udongo wa pale alipofia, unafungwa kwenye nguo yake na kuzikwa kama mtu. Ndipo watu wananyoa nywele na kurudi mashambani. Lakini nenda machimboni ukaombe udongo uone! Kule udongo ni mali. Baba alifika na kiroba kitupu, na walinzi wakamwambia kila mwizi wa mawe huja na msiba wake. Wakamtaka aje na msimamizi amdhamini, na msimamizi ndiye huyo aliyekimbia. Mimi hata kuomba sikuruhusiwa. Mwanamke hasogei karibu na duara, wanaamini dhahabu itakimbia. Nilibaki kwenye kibanda cha chai barabarani, nikamwona baba akirudi na kile kiroba kimekunjwa kwapani.

Hasira niliyoipata pale sijawahi kuipata tena. Koplo alizaliwa kwenye kibanda kile, nyuma ya karatasi iliyofungiwa maandazi. Nilimpa buti, bunduki na mabega mapana, kwa sababu nilitaka mtu anayeweza kupita palipotukataa sisi. Baba nilimwonyesha picha ya kwanza tukiwa bado safarini kurudi. Akaishika kwa mikono miwili. Akauliza, "Huyu anakwenda kumuua?" Nikamjibu ndiyo. Ndipo akala, kwa mara ya kwanza siku ile.

Basi akaacha kunyoa. Nywele zikamjaa, ndevu zikafika kifuani, na mtu akimshauri alikuwa na jibu moja: anamsubiri askari. Mama alizidi kukonda. Hakuna sherehe iliyofanyika nyumbani, hata mahari ya binti wa shangazi ilipokelewa kwa jirani, kwa sababu kwetu msiba ulikuwa haujaisha. Ukiingia uani unasalimia "mwangaluka" kwa sauti ya chini, kama vile maiti bado iko ndani.

Na Koplo wangu hakufika. Kila nilipomkaribisha kwenye mlango wa adui, nilimtafutia kikwazo. Mara mvua, mara pancha Runzewe, mara homa. Wachimbaji waliniandikia kwenye simu wakinihimiza nimalize kazi. Mzee wa duka naye, akikusanya kopi zangu, alinitania, "Mama, huyu askari wako kazi yake ni kutembea tu. Angekuwa mfanyakazi wangu ningemfukuza." Nilicheka, ila moyoni nilijua tatizo. Sikuwahi kumwona yule msimamizi. Adui yangu nilimchora daima kwa mgongo, na mtu hapigwi risasi ya mgongo na askari ninayemheshimu.

Siku moja ujumbe ukaingia kutoka namba nisiyoijua. "Dada, askari akifika Nkome aulizie panapoanikwa dagaa. Nipo. Nimechoka kumsubiri."

Nilikwenda. Sikumwambia baba. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia yule msimamizi, mengine siwezi kuyaandika hapa. Nkome ilinuka dagaa tangu mbali. Nikaelekezwa ufukweni, nikamkuta ameinama anageuza dagaa juani na wanawake wa pale, shati limepasuka begani. Aliponiona akasimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikasema.

Neno lilinitoka kabla sijalizuia. Nimelelewa hivyo, siwezi kuiacha shikamoo ikaanguka chini, hata ya huyu. Nilichukia sana. Maneno yote niliyoyapanga yakawa hayana pa kuanzia, maana nilishamkubali kama mdogo wangu.

Alikuwa kijana wa rika la marehemu. Hakujitetea wala hakupiga magoti. Alinisimulia akiwa ameangalia dagaa.

"Matimba ya lile duara la jirani tuliyang'oa sisi wawili, dada. Mimi juu navuta kamba, yeye chini anafunga magogo. Kila mtu anafanya hivyo pale. Yeye ndiye aliyesema tuchukue na ya kona, yalikuwa mazima bado. Nikamwambia sawa."

"Unamsingizia mtu ambaye hawezi kujibu."

"Ningetaka kusingizia, ningekuwa nimesingizia siku ile. Nisingekimbia."

Nilimfahamu mdogo wangu. Tangu utotoni, ukimwambia achukue embe moja, anatingisha tawi zima. Nilisimama pale juani na nikasikia uchungu mpya, mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa na mtu wa kumlaumu. Koplo wangu sasa angemwelekezea nani bunduki?

Kijana akanipeleka kwenye chumba alichopanga. Akapiga magoti, akavuta kiroba kutoka uvunguni mwa kitanda. Mdomo wa kiroba ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa nyavu.

"Nilichota udongo pale pale mdomoni mwa duara kabla sijakimbia. Aliyekuwa na marehemu ndiye anayepeleka udongo, najua. Nilitaka niulete kwenu. Niliogopa."

Alikibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Nilimwambia wabeja, asante ya kwetu, nikageuza uso.

Udongo tuliuzika, umefungwa kwenye shati la marehemu la kwendea kanisani. Baba mdogo, Mungu amsamehe, alinong'ona kwamba kabla ya kuzika tungeuosha kidogo tu, huenda zingepatikana gramu mbili tatu, na marehemu asingechukia. Baba akamfukuza na fimbo ya kuchungia ng'ombe mpaka nje ya boma. Ilikuwa karibu kuchekesha. Watu wakanyoa. Mama alinyoa, mimi nikanyoa. Wembe ulipomfikia baba, alikataa.

"Bado mmoja hajafika."

Nikamwambia niliyoyasikia Nkome, yote, hata ya magogo ya kona. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaya," alisema. Hapana. "Mwanangu hakuwa mjinga. Wewe umekula dagaa wa yule mtu, sasa unamtetea." Akaingia ndani, na kwa muda mrefu hakunipigia tena simu. Sikuwahi kudhani ningekumbuka usumbufu wake. Niliukumbuka. Koplo nilimchora amefika Nkome, akabaki amesimama ufukweni, na wasomaji wakaanza kunitukana.

Kisha mama akanipigia. Kaburi lilikuwa limefukuliwa. Haikuwa fisi. Ni tundu la jembe, limekatwa vizuri pembeni, na udongo umepungua. Habari zilishaenea vijijini kwamba kwetu kumezikwa udongo wa Geita. Jirani gani alifanya hivyo hatukujua, na hilo ndilo lililotuumiza zaidi, kwa sababu wote walikuja kwenye msiba na wote tuliwapikia.

Nilipofika nilimkuta baba ameketi kando ya kaburi, fimbo mapajani. Ng'ombe alikuwa amewakabidhi kwa watu. Macho yalikuwa mekundu, na zile nywele zilimfanya aonekane mtu aliyetoka porini. Nikampa shikamoo. Akaitikia.

"Nachoka," alisema. "Nikilala wanakuja." Akaigeuza fimbo mapajani. "Yule askari wako yuko wapi?"

"Nkome, baba."

"Amemkuta yule kijana?"

"Amemkuta."

"Amemfanya nini?"

"Hajamfanya kitu. Amesimama tu."

Nilisubiri matusi. Baba alikuwa akilitazama lile tundu lililofukiwa.

"Bunduki bado anayo?"

"Anayo."

"Basi mrudishe. Kazi iko huku."

Nilirudi mjini kuchukua makopo ya rangi zilizobaki kwenye mabango. Koplo nilimchora kwenye ukuta wa nyumba unaotazamana na kaburi, mkubwa kuliko mtu. Kofia ya kijani ya duka la dawa, buti za kahawia za saluni. Karibu siku zote nilikuwa nimemchora akitembea, na miguu yake ikanipa taabu kuisimamisha. Baba alielekeza kazi akiwa kwenye kigoda.

"Asiangalie barabara. Aangalie hapa."

Nikayafuta macho ya Koplo, nikayachora upya. Najua picha haimzuii mwizi. Baba pia alijua, si mtoto.

Nilipomaliza, alinyanyuka, akaenda mpaka ukutani, akaigusa bunduki. Rangi ilikuwa mbichi, ikabaki kwenye vidole vyake. Alisimama pale na askari kwa muda, kama wanaopokezana zamu.

"Amefika," alisema.

Akarudi kwenye kigoda, akavua kofia, akamwita mama alete wembe. Mama alipoanza kumnyoa, baba akalia kwa sauti, akimwita mwanawe mjinga, mjinga, mjinga, na mama hakuusimamisha wembe.