Programu Iliyovua Herufi Kofia

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika duka la kupiga chapa mjini Nyeri. Fundi maana yake ni kwamba mimi ndiye niliyejua kuizima na kuiwasha tena. Kazi yetu kubwa ilikuwa ratiba za mazishi na karatasi za nyimbo, na Gikuyu ina herufi mbili zinazovaa kofia, yaani kialama cha wimbi juu, i na u, ambazo kompyuta za siku hizo hazikuwa na habari nazo. Tuliokolewa na programu ndogo ya mhandisi mmoja wa ng'ambo aliyewahi kufundisha huku. Aliitoa bure, pamoja na maagizo yake yote ya ndani, ili anayetaka ayasome na kuyarekebisha. Kwa miaka mingi hakuna aliyetaka.

Kisha mwenye duka akaleta printa mpya. Ratiba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Tetu, na kila herufi ilitoka imekatwa kichwa, kofia zikaenda na vichwa hivyo. Binti yake aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Na huyu mnazika ni nani? Kwa sababu si baba yangu."

Nilirekebisha jina la marehemu kwa kalamu, nakala baada ya nakala, hadi kidole kikafa ganzi.

Nikamwandikia mhandisi barua pepe. Baada ya wiki tatu alijibu kwamba siku hizi anafuga nyuki, na kama naipenda sana hiyo programu, niichukue. Nilijiona nimerithi shamba. Niliwaandikia wote waliokuwa kwenye orodha yake ya watumiaji kwamba mradi umefufuka na mkuu wake mpya ni mimi. Mwitikio ulikuwa wa kutia moyo sana. Mmoja alitaka jina libadilishwe. Mwingine alitaka rangi. Wa tatu, karani wa kinu cha mchele kule Wang'uru, alijaza ukurasa mzima akieleza jinsi ambavyo yeye angeiandika vizuri zaidi kama angekuwa na nafasi. Tulikutana Karatina, tukachagua mwenyekiti, makamu wake, katibu na naibu wa katibu, tukanywa chai, tukaomba, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyeomba kuyaona maagizo yenyewe.

Kwa hiyo nikabaki nayo mimi. Miezi minne nilibadilisha hapa, nikabadilisha pale, bila kujua nabadilisha nini. Siku moja printa ilitoa kofia tupu, bila herufi chini yake. Niliiandikia kamati kwamba tunapiga hatua.

Wakati huo alikuja dukani mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu kutoka Giakanja, kuchukua karatasi za nyimbo za akina mama wa kanisa lake. Alizitazama pale kaunta, akazirudisha.

"Hii kazi iko na makosa mingi."

"Si mimi, Mwalimu. Ni programu."

"Na hiyo programu imeandikwa na nini?"

"Maagizo, Mwalimu. Na nambari."

"Nambari? Basi nipe nisome."

Nilimchapia yote kwenye karatasi ndefu za kukunjika, zile zenye matundu kando. Nilifanya hivyo kwa heshima tu, kama vile unavyompa mgeni albamu ya picha.

Jumamosi ya pili aliniita niende kwake. Nilimkuta ametandaza karatasi kwenye meza ya sebuleni, kutoka ukutani hadi mlangoni, na kalamu nyekundu mkononi.

"Keti," akasema. "Huyu mtu ameandika tisa hapa. Tena hapa. Nimehesabu tisa mara arobaini na moja, na hajaeleza hata mara moja ni tisa ya nini. Ningekuwa nimemfundisha mimi, angerudia. Tisa ni nini?"

Nilifungua mdomo kueleza kwamba mambo ya kompyuta ni magumu, na papo hapo nikaelewa. Printa ya zamani ilichora herufi kwa sindano tisa ndogo zilizogonga utepe wa wino. Mpya ilikuwa na ishirini na nne.

"Ni sindano, Mwalimu," nikasema, masikio yakiwaka moto.

"Basi si angesema? Na wewe miezi hiyo yote ulikuwa unasoma nini?"

Nilianza kukunja karatasi zake.

Nilibadilisha kila tisa ikawa ishirini na nne, na Jumatano iliyofuata herufi zilitoka nzima, kila moja na kofia yake. Nilituma toleo jipya kwa wote, jina la Mwalimu likiwa juu ya langu. Mwenyekiti wetu, ambaye hatukuwa tumemsikia tangu Karatina, aliandika mara moja kuwashukuru watumiaji kwa kuuamini uongozi wake. Mfuga nyuki aliandika neno moja tu, asante, na nadhani yeye ndiye aliyelimaanisha.

Nilipompelekea Mwalimu ukurasa wenye jina lake, alipitisha kidole juu yake polepole.

"Sasa nionyeshe hiyo kompyuta," akasema. "Nimesoma mambo yake yote na sijawahi kuiona."

Jumatatu nilimwingiza chumba cha nyuma, nikampisha kiti changu. Alivaa miwani, akaitazama kibodi, Q, W, E, kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akanigeukia amekunja uso.

"Ati hawa watu hawakusoma hata alfabeti?"