Nywele Zilizofugwa kwa Ajili ya Choo

Ma Bun-ok alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa miaka mitatu alikuwa akifuga nywele kwa siri. Nywele zenyewe hazikuwa siri. Zilimfika kiunoni, na kila alfajiri, kabla hajashika usukani wa basi namba tatu, ilimbidi azisokote fundo kubwa na kulishindilia chini ya kofia ya kazi. Siri ilikuwa sababu. Dada zake walidhani kapata mwanamume. Mumewe alidhani hivyo hivyo, akaanza kuosha vyombo bila kuambiwa, na Bun-ok hakuona haja ya kumtoa wasiwasi.

Ukweli ni kwamba alizifuga ili zije zinyolewe.

Hapa Busan, Korea Kusini, mambo yana utaratibu wake. Mfanyakazi akidhulumiwa huandika barua. Barua ikipuuzwa hubeba bango. Bango likipuuzwa hukalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ofisi ya wakubwa, akafungwa shuka jeupe shingoni, wenzake wakamnyoa upara huku kamera zikitazama na umati ukilia. Hapo ndipo wakubwa hupiga simu. Sasa, upara wa mwanamume mwenye nywele za vidole viwili haumlizi mtu. Huyo ni kama katoka kinyozi. Nywele zikiwa ndefu, zikidondoka kwa mafungu juu ya shuka jeupe, hata polisi hugeuza uso. Bun-ok alilijua hilo. Ndiyo maana kila Jumapili alikaa bafuni akiziosha kwa maji ya mchele, akijiona tayari yuko pale kwenye ngazi za ofisi ya wilaya, kidevu juu, jiji zima likiuliza: ni nani huyu mwanamke?

Haki ya kuulizwa hivyo alikuwa nayo. Basi namba tatu hupanda kutoka stesheni ya treni hadi Solgogae, mtaa wa juu kabisa, ambako nyumba zimebebana mgongoni. Zamani yalikuwa mabasi manne. Kampuni ikaondoa mawili, ikasema abiria wamepungua. Ni kweli walipungua: walichoka kusubiri dakika arobaini, wakashuka ngazi kwa miguu, na wawili wakavunjika nyonga. Madereva nao hawakuwa na saa ya chakula. Walitafuna wali wa kuviringisha kwenye taa nyekundu. Na kule juu, mwisho wa safari, hapakuwa na choo. Wanaume walikuwa na ukuta. Wanawake walikuwa na kanisa dogo, mpaka siku mchungaji alipofunga kufuli na kusema choo cha Bwana ni cha waumini.

Aliyeandika barua ya kwanza, miaka kumi na mmoja iliyopita, ni Bun-ok. Aliyekusanya saini elfu mbili na mia tatu ni Bun-ok. Ilisemekana alikuwa hafungui mlango wa nyuma mpaka abiria atie saini. Ilisemekana kwa sababu ni kweli.

Basi Novemba ile chama cha madereva kikakutana kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa wa supu ya nguruwe. Mwenyekiti wa tawi, Tak Jong-cheol, alikuwa mtu mwema mwenye sauti nzito na kichwa kisicho na unywele hata mmoja, kasoro ambayo katika kazi yake ilikuwa msiba.

"Ndugu zangu," alisema, "muda wa barua umekwisha. Tunanyoa. Mimi ningetangulia, lakini mnaniona."

"Tukunyoe nyusi, Mwenyekiti!" mmoja akadakia.

"Nyamaza unywe supu. Tunahitaji mwanamke, mwenye nywele ndefu."

Bun-ok akainamisha macho kwenye bakuli lake, kwa haya ya bi harusi. Hakunyoosha mkono. Mtu hajiombei kunyolewa, huombwa, hukataa mara mbili, ya tatu husema, "Basi, kwa ajili yenu." Kukataa kwenyewe alikuwa amekufanyia mazoezi.

"Mimi hapa," sauti ikasema.

Alikuwa Pyo Seon-hwa. Miaka thelathini na sita, miezi kumi na minne kazini, bado ana harufu ya leseni mpya. Nywele zake zilimwagika mgongoni nyeusi, nzito, zinang'aa kama za kwenye matangazo ya televisheni. Na Bun-ok, ambaye wiki moja kabla hakuweza kujizuia akamuuliza anaziosha na nini, alikuwa amejibiwa, "Sabuni ya kipande tu, dada. Ile ya kufulia." Jibu hilo halijamtoka moyoni mpaka leo.

Chumba kizima kikapiga makofi. Seon-hwa akasimama akainama, hata aibu hana.

"Lakini Mwenyekiti," Bun-ok alisema taratibu, "huyu bado mgeni. Labda ingefaa mtu aliyekula chumvi kidogo."

"Kama nani?"

Bun-ok akavua kofia. Fundo likaanguka, likafunguka lenyewe mpaka kiunoni. Mwenyekiti akamtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomuua.

"Da Bun-ok, moyo wako tunaujua. Ila watu wataona mvi, watasema chama kimemnyoa bibi wa watu. Wewe una mkono mtulivu. Wewe ndiye utakayemnyoa Seon-hwa."

"Ee, dada, wewe ndiyo uninyoe!" Seon-hwa akamshika mkono kwa mikono miwili. "Sitaki mwingine."

Bun-ok akatabasamu mpaka taya zikamuuma.

Mashine ya kunyolea ilikuwa yake mwenyewe. Aliinunua mwaka ule alioanza kufuga, akaiweka kwenye droo juu ya kitambaa safi. Asubuhi ya siku yenyewe akaitoa, akaiwasha. Taa ndogo nyekundu ikawaka na kuzima: chaji inaelekea kuisha. Chaja ilikuwa pale pale, mkono unaifikia. Saa mbili nzima zilikuwa zimebaki. Bun-ok akaitazama chaja, chaja nayo ikamtazama. Hakuwa na mpango mkubwa, tumtendee haki. Hakutaka harakati zife. Alitaka tu mambo yaharibike kidogo, kamera zifungwe, Mwenyekiti aseme tutarudia wiki ijayo na mtu mwingine. Akafunga droo, akaitia mashine mfukoni, akaenda.

Ngazi za ofisi ya wilaya zilijaa vizibao vyekundu vya chama. Bibi Maeng, abiria wa kila siku mwenye miaka themanini na moja, alikuwa ameteremka kutoka Solgogae na wazee wenzake kumi, wamekaa kwenye maboksi wakila machungwa. Seon-hwa akakalishwa, shuka likafungwa. Mwenyekiti akanguruma "Mapambano!" na ngumi zikapanda. Bun-ok akawasha mashine.

Fungu la kwanza likadondoka. Seon-hwa akatoa chozi. Moja tu, la jicho la kushoto, upande wa kamera. Wapiga picha wakapiga magoti kana kwamba wameona malaika. Bun-ok, aliyesimama nyuma akifanya kazi yote, aliona viwiko vyake tu vikijitokeza pembeni ya picha. Akanyoa kutoka paji la uso hadi kisogoni, upande wa kulia, safi kabisa, maana kazi ni kazi. Alipofika katikati ya utosi, mashine ikakohoa. Ikanguruma kidogo. Ikazima.

Bun-ok akaitikisa. "Loo," alisema, kwa mshangao aliokuwa amejipangia tangu asubuhi.

"Nini tena?" Mwenyekiti akanong'ona.

"Chaji."

"Chaji! Jamani, umeme!" Mwenyekiti akamkimbilia mlinzi wa mlangoni. Mlinzi akasema umeme wa ofisi ni kwa wenye shughuli rasmi. Mtu akaomba mkasi. Waliokuwapo wote walikuwa na simu, hakuna aliyekuwa na mkasi. Watu wa kamera wakaanza kutazama saa. Seon-hwa alikaa katikati ya yote hayo, upande mmoja upara unaong'aa, upande mwingine nywele mpaka kiunoni, na Bun-ok akahisi joto tamu likimpanda kifuani. Sasa atalia vibaya. Sasa ataficha uso.

Seon-hwa akanyoosha mkono akachukua kipaza sauti.

"Acheni hivi hivi!" alisema. "Yalikuwa mabasi manne, wakachukua mawili. Nusu. Na mimi nimewapa nusu. Nusu hii iliyobaki itakaa kichwani mwangu mpaka watujibu. Nitaendesha basi hivi. Nitakwenda sokoni hivi. Kila atakayecheka, nitamwambia akawacheke wao!"

Ngazi zikalipuka. Bibi Maeng alirusha chungwa. Wale wa kamera waliokuwa wameanza kukunja nyaya wakazikunjua mbio. Bun-ok alisimama na mashine iliyokufa mkononi, akaelewa kwamba amemfanya mwenzake kuwa shujaa, tena bure.

Picha ile ilikwenda nchi nzima. Ilibandikwa kwenye vituo, kwenye kuta, kwenye mlango wa lile kanisa dogo. Viwiko vya Bun-ok vilikatwa ili picha ienee vizuri.

Lakini gazeti unaweza kulifungia samaki. Kilichomchoma hasa ni abiria. Asubuhi moja ya baridi kali alisimamisha basi kituo cha kati, akafungua mlango. Bibi Maeng alikuwa kwenye benchi, kajifunga mitandio mitatu, na pajani kashika mfuko wa viazi vitamu vya kuchoma. Viazi vile Bun-ok alivijua. Kila Ijumaa, miaka kumi na minne, vilikuwa vyake.

"Bibi, panda basi, baridi hii."

"Pita tu, mwanangu. Namsubiri yule wa nusu kichwa."

"Umesubiri dakika ngapi?"

"Thelathini hivi."

"Miaka kumi na mmoja nimepiga kelele ili usisubiri dakika thelathini!"

"Najua, na Mungu akulipe. Funga mlango, joto linakutoka."

Bun-ok alifunga mlango. Alipanda mlima mzima na basi tupu, akizungumza na kioo maneno ambayo dereva wa umma hatakiwi kuyajua.

Aprili wakubwa wakapiga simu. Basi moja litarudi. Choo kitajengwa kule juu. Basi la pili na saa ya chakula bado vinafanyiwa utafiti. Siku ya kufungua choo wakaweka utepe mwekundu, glavu nyeupe na mkasi wa rangi ya dhahabu. Sasa ndipo mkasi umepatikana. Wa kukata utepe, bila shaka, Seon-hwa. Upande wake wa upara ulikuwa umeota kama brashi ya viatu, na hata hiyo ilimpendeza.

Bun-ok alikuwa zamu. Alifika juu saa nne kasoro dakika kumi, akiwa amekunywa vikombe vitatu vya chai ya shayiri kwa makusudi. Watu walikuwa wamemgeukia ofisa wa wilaya aliyekuwa akihutubia. Bun-ok akainama, akapita chini ya utepe, akaingia, akajifungia. Wakate wanachotaka. Wa kwanza ni mimi.

Akakaa. Palikuwa na harufu ya rangi mbichi, na ukuta ulikuwa mwembamba. Ofisa alimaliza. Ikaja sauti ya Seon-hwa.

"Mimi nimekuja juzi," alisema. "Choo hiki ni cha mtu mmoja. Ma Bun-ok ndiye aliyeandika barua ya kwanza, wakati mimi bado naendesha baiskeli. Amejibana miaka kumi na minne kwenye usukani ule. Dada Bun-ok yuko wapi? Aje akate yeye."

Makofi yakapigwa. Bun-ok, humo ndani, akainua kidevu. Kisha wivu ukamrudia palepale, maana hata kumsifu, Seon-hwa kamsifu vizuri kuliko ambavyo yeye mwenyewe angejisifu, na jiji zima linamtafuta, naye yuko chooni. Akavuta maji. Yakanguruma mlima mzima, kipaza sauti kikayadaka.

Akatoka. Kofia ilikuwa imebaki ndani, nywele zimemwagika mpaka kiunoni. Kamera zote zikamgeukia. Akauona utepe kifuani mwake, akachukua mkasi mkononi mwa Seon-hwa, akakata kutokea ndani.

Watu walicheka mpaka Bibi Maeng akashikiliwa asianguke. Mwenyekiti Tak akapandisha ngumi.

"Bado basi moja na saa ya chakula!" alinguruma. "Tunanyoa tena mwezi ujao! Na safari hii, Da Bun-ok, mvi au si mvi, tunakuomba wewe!"

Bun-ok alifungua mdomo kukataa mara ya kwanza kati ya zile mbili. Seon-hwa alikuwa amemsogelea, kamshika mkono kwa mikono miwili kama siku ile, anatabasamu kwa ajili ya kamera.

"Kubali tu, dada," alinong'ona bila kugeuza shingo. "Nitakunyoa mimi. Na mashine safari hii nitaichaji mwenyewe."

Kumbe Seon-hwa alijua. Alijua tangu siku ile ya kwanza, na miezi mitano yote hakusema neno, na hata hilo, kunyamaza, alilifanya vizuri. Bun-ok alimtazama yule mwanamke na brashi yake upande mmoja na maporomoko ya nywele upande mwingine. Akaikumbuka ile picha nchi nzima. Akavikumbuka na viazi vitamu.

"Sawa," alinong'ona, naye akitabasamu kwa ajili ya kamera. "Ila chaji nusu tu."